Blanketi Lililopitia Dirishani

Mtaani walimwita Mzee Kidole, na jina hilo hakulipata kwa kunyooshea watu. Alilipata kwa cherehani. Tangu alipoanza kushona hakuna aliyemwona akitumia tepu kuacha nafasi ya mshono. Kabla hajaoa alikuwa akilaza kidole cha shahada kando ya mstari wa chaki, kidole kinene kama mpini wa nyundo, kisha anamtazama mteja na kumwambia, "Kidole kimoja. Nguo isiyoachiwa kidole itakuvua nguo mbele za watu." Na ilikuwa kweli. Walikuwepo wanaume walionenepa mara mbili maishani na suruali zake zikawafuata, kwa kuwa ndani ya mishono kulikuwa na akiba ya kufumua.

Siku hizi nani anaacha akiba? Nguo zinakuja zimeshonwa tayari, zimekunjwa kwenye nailoni, mshono mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Ukiinama kufunga kamba za viatu, umeshawaonyesha walio nyuma yako usiyotaka kuwaonyesha. Watu wanazinunua, zinapasuka, wanazitupa, wananunua nyingine, na hakuna anayeona haya. Duka la Mzee Kidole lilikufa hivyo hivyo, bila kuugua. Wateja walipungua kama nywele za utosini, mpaka asubuhi moja akafungua mlango akangoja, akafunga, akaenda nyumbani. Sasa pale wanauza makava ya simu.

Cherehani akaihamishia sebuleni, chini ya dirisha linalotazama uani. Magunia ya mabaki ya vitambaa akayapanga nyuma ya kochi. Na mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi, akaendelea na kazi yake ileile ya tangu walipooana, maana katika ndoa ile mume alichora na mke akakata. Mzee alipiga chaki kwenye kipimo halisi, kipimo cha nguo ikiisha, wala hakuwa na haja tena ya kulaza kidole. Mama Mkasi alikata kidole kimoja nje ya mstari kwa jicho tu, na hakuwahi kukosea. Maneno yao ya kazi yalikuwa manne: "Kata kama siku zote." Ziko ndoa zimejengwa kwa maneno mengi zaidi na hazikufika popote.

Kwa mabaki yale Mzee Kidole alikuwa ameshona mablanketi ya viraka, moja kwa kila mtoto aliyeondoka nyumbani. Wakubwa wote walikwishaondoka na ya kwao. Alibaki kitinda mimba, binti aliyeitwa Kitinda hata na walimu wake. Huyu alifanya kazi katika ofisi ya wachora ramani za nyumba, na sasa alikuwa amepata kazi mbali, nchi ya baridi, kwa safari ya ndege yenye sanduku moja.

Mzee Kidole alipoinuka kutafuta chaki ili aanze kuchora blanketi la mwisho sakafuni, Kitinda akamzuia.

"Baba, hili langu tulichore kwenye kompyuta."

"Sakafu imekukosea nini?"

"Sakafu haijanikosea. Ni magoti yako. Jana ulipoinuka yalilia, nikaenda kufungua mlango."

"Magoti yangu yamechora mablanketi ya kaka zako na dada zako wote."

"Ndiyo maana yanalia. Kaa hapa."

Akakaa, shingo upande. Binti akafungua kompyuta yake juu ya meza ya chakula, akaonyesha programu ya kuchora mablanketi ya viraka. Ilikuwa na ghala la miraba iliyochorwa tayari, nyota, mishale, vinu vya upepo, maua. Unachagua mraba, unaweka vitambaa, unabonyeza, na mraba unajirudia mpaka unajaza blanketi zima. Mzee Kidole aliitazama miraba ile kama mtu anayepewa chakula cha hospitali.

"Hii kila mtu anayo," akasema. "Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nitachora wangu."

"Ndicho ninachotaka, Baba. Shika kipanya."

Alikishika kipanya kama pasi. Alikikandamiza, akakipeleka mbele, akakirudisha, akakiinua na kukipuliza upande wa chini kuondoa majivu ambayo hayakuwepo. Mshale kwenye kioo ukatoweka.

"Unabofya, Baba. Hupigi pasi."

"Kimejificha. Chaki haijifichi."

Ilichukua muda, lakini mtu aliyeingiza uzi kwenye sindano maisha yake yote hashindwi kuingiza mshale kwenye kisanduku. Alichora kola. Kola ya shati la kiume, ile aliyokuwa akisifiwa nayo ujanani, pembetatu mbili zilizokutana kooni na kipande chembamba cha shingo juu yake. Aliichora kwa viraka vidogovidogo, kwa sababu fundi hujulikana kwa vidogo, na alipoimaliza aliegemea kiti akavuta pumzi. Ulikuwa mraba mzuri, wala haukuwa umechorwa na mtu mwingine yeyote duniani.

"Sasa tuurudie," akasema Kitinda, akabofya.

Kioo kikajaa. Binti akaweka mkono mdomoni.

"Nini?"

"Hakuna kitu."

"Unacheka nini?"

"Vyura, Baba."

"Vyura wako wapi?"

"Hao. Wamekaa safu wanangoja kuanza kuimba."

Mzee Kidole akasogeza miwani. Kola moja ilikuwa kola. Kola nyingi zikibebana kichwa kwa kidevu, kipande cha shingo kiligeuka mdomo, na pembetatu mbili zikawa macho, na kweli kabisa, lilikuwa ni dimbwi zima la vyura wenye vinywa wazi. Alijaribu kuwaona tena kama kola akashindwa. Mama Mkasi, aliyekuwa akipita na sufuria, akasimama nyuma yao.

"Nani kachora vyura?" akauliza.

Kitinda, kwa huruma, akaugeuza mraba mmoja kichwa chini, akafanya hivyo kwa kila wa pili, akabofya tena. Vyura wakatoweka. Mahali pao ikatokea nyota, na kati ya nyota na nyota ikapita njia nyembamba, ikapinda, ikavuka blanketi zima kama njia ya mkato ya watu wa mtaa mmoja. Kola zake zilikuwa humo bado, ukijua pa kuzitafuta.

Mzee Kidole alizifuata kola zake kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Rudisha vyura," akasema hatimaye.

Vyura wakarudi.

"Nyota."

Nyota zikarudi.

"Vyura."

Chai ikapoa mezani. Kitu kilichomchukua majuma ya kutambaa, kufuta kwa kitambaa kibichi, kutambaa tena, huku watoto wakikanyaga chaki na kuibeba kwa nyayo zao mpaka chooni, mashine ilikifanya kabla hajamaliza kukohoa. Aliyasugua magoti yake chini ya meza, kama mtu anayewaomba radhi ndugu wawili aliowatuma mbali bure.

Kisha wakaviingiza vitambaa. Kitinda alitaka kuvipiga picha kwa simu na kuviita kitambaa cha kwanza, kitambaa cha pili. Baba yake akakataa katakata. Kila kipande kiliandikwa jina lake. Ndani ya kompyuta ile mpya, iliyotoka kiwandani bila kumjua mtu, mkaingia Suti ya Hakimu Aliyekuwa Hapendi Mifuko, na Kaptula ya Mlinzi, na Gauni la Kwanza la Mama Mkasi, na Pazia Lililoungua.

"Hii ya mlinzi aliilipia?" akauliza Kitinda.

"Andika jina. Maswali yaache."

Walipomaliza, binti akachapisha karatasi za vipande vyote ofisini kwake, akazileta. Kila kipande kilikuwa na mistari miwili, wa nukta ndani na wa wino nje.

"Nafasi ya mshono nimeshaiacha, Baba. Mstari wa nje ndio wa kukatia. Uufuate tu."

"Mm," akasema Mzee Kidole.

Fundi wa zamani akisema "mm" hajakubali. Ameahirisha ubishi.

"Na sasa ondoka njiani," akaongeza. "Umechora, umemaliza. Mwenye zawadi haichungulii zawadi ikipikwa."

Ikawa marufuku kwa Kitinda kugusa kitu chochote kilicho karibu na cherehani.

Sasa, ndani ya nyumba ile kulikuwa na hatari moja, na hatari hiyo ilikuwa mdogo wa Mama Mkasi. Kitinda alimwita Mama Mdogo, na watu wengine wote wakafuata, hata waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa hakuwahi kuuza kitu. Jumapili moja aliingia amekumbatia mfuko mkubwa wa nailoni wenye zipu, na ndani ya nailoni alikuwamo chui. Blanketi la kiwandani, zito, lenye manyoya, na chui mzima amelala katikati, macho ya kijani, ulimi nje.

"Mwanangu huko kwenye barafu hatalala na matambara," akatangaza. "Shemeji, shikamoo. Bado unaokota viraka?"

"Marahaba. Huyo ni mnyama gani?"

"Chui."

"Ni paka aliyeshiba."

"Ni chui, shemeji, na ana joto. Hilo lako lina joto gani? Joto la kaptula ya mlinzi?"

"La kwangu lina watu ndani."

"Basi wasogee, mtoto apate pa kulala."

Mama Mkasi akacheka, akageuza kicheko kikohozi. Kitinda alikuwa amesimama kati ya baba na mama mdogo kama mtu aliyeshikwa mikono miwili barabarani.

"Sanduku ni moja," akasema, "na lina uzito wake. Blanketi litaingia moja tu. Baba, la kwako litakuwa tayari?"

"Litakuwa."

"Likiwa tayari siku mbili kabla sijaondoka, naenda nalo. Lisipokuwa tayari…" Akatazama nailoni.

"Chui anapanda ndege," akamalizia Mama Mdogo, akampapasa chui kichwani.

Jambo likawa limewekwa hivyo, wazi, na Mzee Kidole akaliweka moyoni. Angeweza kuvumilia kufungiwa duka na watu wasiojua. Lakini mtoto wake wa mwisho, tena aliyemchorea, aende kulala ugenini chini ya paka wa kiwandani, hilo hapana. Hakumwambia mtu. Alivaa miwani, akaketi.

Akachukua karatasi za kompyuta, akazilaza juu ya kitambaa. Akautazama ule mstari wa nje. Mwanawe alisema nafasi imeachwa. Nani kaiacha? Kompyuta. Kompyuta ina kidole? Haina. Basi imeacha nini? Bila shaka ule uzi mwembamba wa nguo za madukani, wa kumvua mtu mbele za watu. Na kwa kuwa hili lilikuwa blanketi la mwisho, Mzee Kidole akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipooa. Kwa heshima ya mtoto, alilaza kidole chake mwenyewe, kilekile kinene, nje ya mstari wa nje, akapiga chaki. Kila kipande kidole, pande zote. Alipomaliza gunia la kwanza, akamsogezea mkewe, na mdomo wake, uliokuwa umeyazoea maneno yale kama kope zinavyozoea kupepesa, ukasema wenyewe:

"Kata kama siku zote."

Na Mama Mkasi akakata kama siku zote. Kidole kimoja nje ya chaki.

Wala tusiseme kwamba hawakuona. Mraba wa kwanza ulipotoka kwenye cherehani, Mzee Kidole aliuinua akaona unatosha kufunika sinia la wageni. Akashangaa kidogo. Kisha akafurahi, furaha ile ya kijiba cha roho. Mashine imechora, mashine itajibu. Kama kompyuta haijui ukubwa wa kitanda, si kazi ya fundi kuisitiri. Na Mama Mkasi naye alipoona viraka vinakuwa kama leso alidhani ndiyo mitindo ya sasa, ambapo kila kitu ni kikubwa, simu, miwani, na kucha za wasichana. Mtu akiuliza anaonekana amepitwa na wakati, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili ambao wangekubali kupitwa na basi, treni na jeneza, si na wakati.

Tatizo likawa kitambaa. Programu ilikuwa imepiga hesabu ikasema mabaki yatatosha na mengine yatabaki. Hata nusu hawakufika, magunia yakanywea kama matumbo ya mbwa wa jirani.

"Mashine yenu haijui kuhesabu," Mzee Kidole alimwambia Kitinda wakati wa chakula.

"Inajua, Baba. Niangalie kidogo?"

"Usiangalie."

Wakaingia kwenye mapazia ya chumba cha wageni. Wakaingia kwenye kitambaa cha meza, hata sahani zikaanza kuteleza. Likaingia aproni la Mama Mkasi, ikaingia suruali ya Mzee aliyokuwa akiivaa siku za kupaka rangi, kisha aliyokuwa akiivaa siku nyingine. Mwisho, siku chache kabla ya siku iliyopangwa, zikapungua kola za safu moja tu. Mzee Kidole alisimama mbele ya kabati kwa muda, akatoa koti la harusi yake. Alilishona mwenyewe, akiwa kijana mwembamba, na aliliachia vidole viwili kwa sababu aliamini maisha yatamnenepesha. Hayakumnenepesha.

"Hilo hapana," akasema Mama Mkasi.

"Nitalivaa wapi?"

"Nitakuzika nalo."

"Basi nitaenda huko na shati. Kata."

Mama Mkasi alikata, lakini siku hiyo hakuimba.

Safu zilizoisha zilikunjwa kama mikeka na kusimamishwa nyuma ya mlango. Siku ya kuziunganisha ilikuwa siku mbili kamili kabla ya safari, mchana, na Mama Mdogo alikuwa amefika tangu asubuhi kuja kusimamia ushindi. Alijiwekea kiti uani, kikombe mkononi, chui mapajani. Kitinda alikuwa chumbani akipima sanduku kwa kulipandia.

Mzee Kidole akaanza kuunganisha. Safu ya kwanza na ya pili zikapita chini ya sindano vizuri. Ya tatu ikajaza meza. Ya nne ikamwagika sakafuni, ikamfunika miguu, ikaanza kupanda kochi. Akaona hana pa kuliweka, akafungua dirisha.

"Mama, toka nje ulivute."

Mama Mkasi akatoka, akashika pembe, akavuta. Kitambaa kikaanza kutoka dirishani kama ulimi.

"Lipo?" akaita Mzee kutoka ndani.

"Lipo."

"Endelea kuvuta."

Akavuta. Akarudi nyuma hatua, akavuta tena. Blanketi likapita bomba la maji, likapita ndoo, likamfikia Mama Mdogo. Huyu akainua miguu. Likampita. Akasimama, akarudisha kiti nyuma, akaketi. Likamfuata.

"Dada, hili linaenda wapi?"

"Muulize shemeji yako."

"Shemeji, hili linaenda wapi?"

"Sogea," ikajibu sauti ya dirishani, juu ya mlio wa cherehani.

Mama Mdogo akasogea mpaka kwenye ukuta wa choo. Kuku wawili wa jirani waliokuwa wakichakura wakafunikwa, na yakaonekana mavimbe mawili yakitembea taratibu chini ya Suti ya Hakimu. Mama Mkasi alikuwa amefika getini na bado anavuta. Mlio wa cherehani ulipokoma, Mama Mdogo na kiti chake walikuwa barabarani, chui kichwani, na mpita njia mmoja alikuwa akimuuliza kama hema hili ni la msiba au la harusi.

"La ndege," akasema Mama Mdogo. "Linasafiri kesho kutwa."

Mzee Kidole akatoka akiwa na shuka la bitana begani, lile alilolikata mapema kwa kipimo cha kitanda cha kawaida ili alishonee kwa chini. Hakutazama chini. Akalitandaza bitana katikati ya blanketi, kama alivyofanya kwa watoto wote, akarudi nyuma ili aone.

Bitana lilikuwa limekaa pale kama stempu juu ya bahasha.

Kuku mmoja akatokea upande wa nyota, akajitikisa, akaondoka kwa hasira.

Kitinda alikuja mlangoni, akasimama. Akatazama kutoka dirishani hadi getini. Akachuchumaa, akaugeuza mshono mmoja upande wa chini, akautazama kwa makini, kisha akauinua juu. Pembeni mwa mshono kilining'inia kitambaa cha ziada, kipana kama utepe wa kufungia zawadi.

"Baba. Uliacha nafasi ya mshono?"

"Kidole kimoja," akasema Mzee, kifua mbele. "Kwa heshima yako."

"Na karatasi zilikuwa nayo tayari."

"Karatasi haina kidole."

Mama Mkasi alikuwa ameachia pembe getini. "Wewe uliacha kidole?" akamuuliza mumewe. "Tangu lini unaacha kidole?"

"Safari hii niliacha."

"Mbona uliniambia nikate kama siku zote?"

Mzee Kidole akatazama kidole chake kama askari anayetazama bunduki iliyolia yenyewe.

"Kwa hiyo vitatu," akasema Kitinda. "Cha kompyuta, cha Baba, cha Mama. Kila kiraka, pande zote nne. Na viraka ulivitaka vidogo."

"Nyumba hii mnapendana sana," akasema Mama Mdogo kutoka barabarani. "Kila mtu anamwachia mwenzake." Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, maana alikuwa ameuona uso wa shemeji yake: "Basi, shemeji. Chui atamtunza. Wewe umejitahidi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko dhihaka zote. Mzee Kidole aliketi kwenye kizingiti. Koti la harusi lilikuwa mle, na mapazia, na suruali zake, na siku zilibaki mbili. Mama Mkasi akaja na mkasi.

"Nikate?"

"Ng'o. Blanketi lililounganishwa halikatwi. Ukilikata limekufa, nyuzi zinatoka kila upande kama utumbo."

"Sasa tufanyeje?"

Kitinda alikuwa ameshakimbilia kompyuta, akarudi nayo mkononi, anabofya akitembea. "Baba, tazama. Mchoro unajirudia. Nyota iliyopo huku ndiyo iliyopo kule. Ukiligawa kwa msalaba, hapa na hapa, kila robo inabaki nzima. Na robo…" Akalitazama bitana pale katikati, akatazama blanketi. "Robo ni kitanda."

Mzee akasogeza miwani. Juu ya kioo, blanketi lilikuwa limegawanyika mara nne, na kila moja lilikuwa blanketi. Mstari wa msalaba ulipita juu ya mishono mitupu, bila kugusa kola hata moja.

"Hapo hakuna haja ya mkasi," akasema polepole. "Hapo tunafumua."

Hakuna mashine inayojua kufumua, na ndiyo maana hakuna tena mtu anayejua. Unachomeka ncha ya sindano chini ya mchomo wa uzi, unakata mmoja, unaruka mitatu, unakata, kisha unavuta na mshono unafunguka wenyewe kama umekuwa ukingoja ruhusa. Mzee Kidole alianzia dirishani. Mama Mkasi alianzia getini. Kitinda aliingia katikati na kuvunja kucha mbili. Mama Mdogo alibaki kwenye kiti chake barabarani kwa muda mfupi tu, kisha akamtundika chui kwenye kamba ya nguo, akapiga magoti kwenye Pazia Lililoungua.

"Mmoja, unaruka mitatu?" akauliza.

"Mitatu."

"Sifanyi kwa ajili yako, shemeji. Nafanya kwa sababu mmenifukuza uani."

"Ruka mitatu. Umeruka minne."

"Ana macho, huyu."

Jua lilipoanza kulala juu ya mapaa, blanketi lilikuwa manne. Mzee Kidole alipita juu ya robo zote, ameinama, mikono nyuma, akitafuta. Koti la harusi lilikuwa robo ya upande wa bomba, njia nyembamba nyeusi kati ya nyota mbili. Akaelekeza kwa kidole.

"Hiyo."

Usiku huohuo aliitia bitana na kuipindia kingo, na kwenye pindo aliacha kidole kimoja, kimoja tu, baada ya kumuuliza mkewe kwa maneno kamili, tena mara mbili. Blanketi likaingia sandukuni. Kitinda akalipandia sanduku, na Mama Mdogo akalipandia pia, na zipu ikafunga.

Robo tatu zilizobaki hazikukaa hata wiki. Moja Mama Mkasi aliirudisha dirishani mwa chumba cha wageni, maana ilikuwa na mapazia yake ndani na ilijua njia. Moja ikawa kitambaa cha meza. Ya tatu Mama Mdogo aliiomba bila kuiomba; alisema tu ni dhambi kuiacha ichafuke, akaikunja, akaondoka nayo kwapani. Kwa kuwa hapendi kuonekana amepewa bure, alimwacha chui.

Mwezi ulipopita Kitinda akapiga simu kwa picha. Nyuma yake kilionekana kitanda chembamba, na blanketi limekaa sawasawa, limening'inia kidole kimoja kila upande. Alisema mwenzake wa chumba cha pili anataka kama hilo, na kwamba amechora mraba mpya, atamtumia baba yake.

"Mraba gani?"

"Vyura, Baba. Kwa makusudi."

Mzee Kidole akafikiri. "Sawa. Lakini iambie mashine isiache kidole. Humu ndani vidole vinatosha."

Halafu alienda kujinyoosha, kwa sababu mchana ulikuwa na baridi na mtu mzima anaruhusiwa. Kitandani hakukuwa na cha kujifunika ila kile kimoja. Akajifunika, akatulia, akafumbua jicho. Chui alikuwa amemkazia macho, ulimi nje.

"Umelala?" akauliza Mama Mkasi kutoka jikoni.

"Nitalalaje mnyama ananitazama?"

"Mgeuze."

Kukasikika mtafaruku mzito wa manyoya, kisha kimya.

"Nimemgeuza," akasema Mzee Kidole. "Yupo na huku."